Kijana wa Katuni Aliyeombewa Rugenge

Ukitaka kuniudhi, niambie kwamba katuni ninazotazama ni za Kijapani. Wateja wa farmasi yangu wanalijua hilo, na wako wanaolisema makusudi, wakiegemea kaunta kusubiri dawa ya minyoo, ili tu wanione nikiweka simu chini na kuanza kufundisha. Ni za Kichina, nawaambia. Wachina wana zao, wanaziita donghua, na ndani yake mna watu wanaosafiri wamesimama juu ya upanga, mna milima inayoelea mawinguni, halafu mna nywele. Nywele hasa. Katika Uvira nzima hakuna mwanamke mwenye nywele za kufikia zile za kijana wa donghua aliyesimama penye upepo, hata yule mama anayeuza za bandia sokoni.

"Docteur," wananiambia, maana kwetu ukisimama tu nyuma ya kaunta ya dawa umekwisha kuwa docteur, "weye iko na miaka ngapi?"

Nina miaka arobaini na ushei, na sioni haya hata kidogo.

Nilianza kwa bahati tu, kipindi ambacho biashara ilikuwa imelala na mchana mzima unapita bila mtu kuuliza hata kidonge cha kichwa. Mtu alinitumia kipande kifupi cha video: mlima wenye theluji, kijana ameketi mbele ya kibanda, anakunywa chai, hafanyi kitu kingine. Sijawahi kuona theluji isipokuwa kwenye kalenda, lakini ile ilikuwa inaanguka polepole na mvuke wa chai unapanda polepole, vikapishana hewani. Nilikitazama tena na tena mpaka simu ikazima. Kesho yake nikaanza kutafuta kilikotoka, na huko ndiko nilikowakuta wenzangu.

Tulikuwa kikundi cha watu wasiojuana, wa kila pembe. Alikuwemo dereva wa teksi wa Ufilipino, msichana wa Brazil aliyekuwa akichora mashujaa wetu wakila vyakula vya kwao, wanafunzi wa Aljeria wenye kubishana bila kuchoka, na dada mmoja wa Morocco ambaye ndiye aliyekuwa akitutilia maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Ukisema unatoka Kongo, watu wa mbali hubadilisha sauti kama wamefika msibani. Hawa hawakubadilisha kitu. Waliniuliza tu nampenda nani, mwalimu au mwanafunzi, na nilipojibu kwamba nampenda mwalimu, nusu yao wakanitukana. Nilijisikia nyumbani.

Sehemu mpya ilitoka kila Jumapili. Kwa Wachina ni asubuhi, sisi bado tumelala. Dada wa Morocco aliifanyia kazi, na nilipotoka kanisani mchana nikakuta ameiweka. Kazi yangu ilikuwa kuipakua. Nilikuwa na laini mbili, ya kwetu na ya Burundi, maana siku ambayo mtandao wa Uvira umelala, ule wa Bujumbura huwa unavuka ziwa na kutufikia. Courant ya umeme ikikatika, nilikuwa na betri ya kinyozi wa jirani, mtu mwema aliyeamini kwamba nasomea udaktari kwa njia ya simu. Sikumkosoa.

Sasa nimseme mama yangu.

Mama alikuwa amekuja kukaa kwangu, mtaa wa Rugenge, kutoka Luberizi, ameacha shamba lake la mpunga mikononi mwa binamu zangu. Alikuja baada ya kilio cha mdogo wangu. Mdogo wangu alikwenda Kalemie kutafuta maisha, akafanya kazi bandarini, na siku moja akapiga simu kusema anapanda boti aje kutusalimu. Juma lile upepo ulipindua boti katikati ya safari. Wengine walipatikana, wengine hawakupatikana, na yeye hakupatikana kokote, si kati ya wazima, si kati ya maiti. Kama alipanda au hakupanda, hakuna aliyejua, kwa sababu katika boti zile hakuna aliyeandika majina ya watu. Simu yake haikuita tena. Tulingoja mwaka, ukapita wa pili, ndipo wajomba na baba wadogo wakakaa na kuamua kwamba tuweke matanga, watu walie, yaishe.

Mimi nililia. Nililia kwa sauti, nilikaa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, na siku ya kuondoa kilio niliona kweli mzigo umeshuka begani. Mama hakulia. Tena alifanya jambo lililowatia watu aibu: aliinuka kwenye mkeka akaenda nyuma ya nyumba kupika. Mama mfiwa hapiki, majirani ndio wanaompikia. Yeye alipika wali na maharage, akawapakulia waombolezaji kama wageni waliokuja kumtembelea. Shangazi alipomshika mkono, mama alisema, "Minye sina kilio. Niko na wageni."

Tangu siku ile tukaishi kila mtu na lake. Mimi kwangu mdogo wangu alikuwa amekufa, kwake yeye alikuwa safarini, na kwa kuwa tunapendana hatukumtaja. Nilikuwa nimeanza kuulizia nyumba Bujumbura, nihamishe farmasi na mama huko, maana kwa hofu ya vita kila mwenye miguu alikuwa anaondoka Uvira. Nilipomgusia alisema yeye haendi popote. Sikumuuliza kwa nini, nilijua. Akihama, mtoto atamkuta wapi?

Na kanisani napo mama hakuwa na pa kumpeleka mwanawe. Sisi ni Waprotestanti, na kwetu wafu hawaombewi. Mtu akiisha kuzikwa, au kuliliwa kilio, kesi yake iko kwa Mungu na wewe unanyamaza. Kila Jumatano wanawake wa kanisa letu hukutana kwa maombi, na kabla ya kupiga magoti kila mmoja anasimama kutoa ombi lake: huyu goti, huyu mume mlevi, huyu mtoto anayetafuta kazi. Mama alijaribu mara moja, baada ya matanga, kumtaja mwanawe. Présidente wa wanawake, mama mmoja mwenye mabega mapana na sauti ya kuamuru kwaya, alimwambia kwa upole kwamba ombi hilo halipokeleki. Mama akaketi. Hakusimama tena kutoa ombi lolote.

Kwa hiyo Jumapili mchana tulikuwa wawili sebuleni. Mimi na simu yangu na visikizi masikioni, mama nyuma yangu na ungo wake, anachagua mchele wa Luberizi, anatoa mawe. Sikujua kwamba anatazama. Siku moja kidole kikanigusa bega.

"Ule mutoto wa kike analia nini?"

"Ni mwanaume, mama."

"Mwanaume na ile nywele?"

"Kule njo vile wanafanyaka."

Akafikiri. "Na mama yake anamuachaka vile vile?"

Nikatoa visikizi. Tangu siku ile nikawa mkalimani. Kichina kilisemwa na simu, Kifaransa kikapita chini, mimi nikakiokota na kukigeuza Kiswahili chetu, haraka haraka, na sauti nikazigawa: mzee sauti nzito, adui sauti ya puani. Nikiruka neno mama alijua, kwa sababu alihesabu midomo. "Ule alisema maneno mingi, weye umesema kidogo. Ingine umeweka wapi?" Dada wa Morocco hakupata kuwa na mkaguzi mkali namna ile.

Hadithi tuliyokuwa tukiifuata ilikuwa ya kijana mmoja, mwana wa mama muuza mandazi ya mvuke. Aliondoka kwao akapanda mlimani kujifunza upanga katika shule ya mabwana wakubwa. Mama yangu hakujali upanga. Watu wakipigana angani, umeme ukipasuka huku na huku, milima ikigawanyika, yeye alirudi kwenye mchele wake. Alichokipenda ni yule mama wa mandazi. Alimkagua. Aliona haiwezekani mandazi kuiva bila mafuta. Aliona kibanda chake kimekaa vibaya, upande wa jua. Na kila kijana alipoonekana mlimani akila, mama aliuliza kama ameandika kwao.

Halafu kijana akaanguka. Walikuwa wanapigana juu ya daraja la kamba, daraja likakatika, akazama katika ukungu wa bonde ambalo hakuna aliyewahi kufika chini yake. Wenzake walishuka mpaka kamba zao zilipofikia, wakaita, wakarudi. Kule mlimani wakatengeneza kibao, kile Wachina wanachoandika jina la marehemu, wakakiwekea ubani. Mwanafunzi mmoja akatumwa kumpelekea habari mama wa mandazi. Picha ya mwisho ilikuwa ni yule mama amesimama, mvuke unamfunika uso, na mwanafunzi hajafungua kinywa. Hapo msimu ukaisha. Tukaambiwa tungoje mwaka, labda zaidi.

Kwenye kikundi ilikuwa ni vilio mtindo mmoja. Msichana wa Brazil alichora kijana ameketi chini ya bonde anakula maharage, ili tu tusikate tamaa. Dereva wa Ufilipino aliapa kutotazama tena donghua, kama alivyoapa kila msimu. Mimi nikaandika matusi machache ya Kiswahili ambayo hakuna aliyeyaelewa, nikapoa.

Mama alitikisa ungo wake. Kisha akasema, "Hawakumuona."

"Nani, mama?"

"Wale wenzake. Hawakumuona amekufa. Walichoka tu."

Nikasema ndiyo, hawakumwona. Nikainuka nikaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Baada ya majuma kadhaa walikuja farmasi wanawake wawili wa kanisani, wamevaa vitenge vya kikundi, mmoja amebeba sukari na mwingine ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye gazeti. Niliwakaribisha kwenye benchi. Wakashusha pumzi, wakainamisha vichwa, wakanipa pole.

"Pole ya nini, wamama?"

"Ya ule kijana," akasema mmoja. "Ule wa rafiki yenu wa kule Uchina. Mama yako alitutolea ombi. Mutoto ameanguka kwa daraja, kwao wamekwisha kumulilia, na mama yake masikini anauzaka mandazi, hajapata hata habari. Tunamuombea kila Jumatano. Juma hii tulifunga chakula."

Nilitazama sukari, nikatazama ndagala. Mwenzake akaongeza kwamba mama mmoja alipata maono, amemwona kijana yule pembeni ya maji, amevaa nguo nyeupe, nywele ndefu. Na kweli kijana huvaa nyeupe. Mpaka leo sina maelezo ya jambo hilo.

Sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba ni katuni. Niliwashukuru, nikawapa vidonge vya kichwa bure. Lakini siri ya wanawake wa maombi ni kama moshi, na mtoto wa mmoja wao alikuwa anatazama katuni hiyo hiyo kwa jirani. Jumatano iliyofuata, baada ya maombi, présidente mwenyewe alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mama," akamwambia mama yangu, "nasikia ule kijana ni dessin animé."

"Ndiyo," akasema mama.

"Ulijua?"

"Nilijua. Minye si mujinga. Naona kabisa ni mutu wa kuchora."

"Na tumefunga. Wamama wa watu, wengine wako na ugonjwa wa sukari, tumefunga kwa ajili ya mutu wa kuchora."

Nilitaka kuingia kati, nitafute namna ya kuligeuza kuwa mzaha. Mama akaniinulia mkono. Alikuwa kwenye mkeka na ungo mapajani, na hakuinuka.

"Wa kwangu mulinikataza," akasema. "Mulisema hatuombeaka wafu, na minye sikukuwa na karatasi ya kuonyesha kama iko muzima. Nikakaa. Mwaka muzima nakuja Jumatano, naombea magoti ya watu. Njo nikaona ule. Ule hamujamulilia kilio nyinyi. Kwa ule hamukukuwa na neno. Nikasema, kama wamama wanaweza kumuombea huyu arudi, basi kwa kinywa changu nitaweka wangu nyuma yake, wapite pamoja."

Sijui ni nani kati yangu na présidente aliyekuwa wa kwanza kufuta macho. Mimi nililia wazi. Nilikuwa nimeishi na mama yangu chumba kwa chumba, nikamtafsiria kila neno la Kichina, na hili la kwake sikulisikia.

Présidente aliketi. Aliketi kwenye mkeka, si kwenye kiti, jambo ambalo kwa magoti yake si dogo. Hakusema kwamba sheria ya kanisa ni mbaya, wala hakusema kwamba atabadilisha chochote, maana hakuwa mtu wa kubadilisha. Alinigeukia mimi.

"Weye docteur, leta hii simu. Nimuone huyu mutoto niliyelala na njaa kwa ajili yake."

Tukamwonyesha sehemu ya mwisho. Nilitafsiri. Présidente alitazama mpaka mvuke ulipomfunika yule mama, akaguna, akasema bila shaka yoyote kwamba kijana yuko hai, kwa kuwa hakuna mtu anayemchora mtoto vizuri namna ile ili amtupe. Halafu akataka kujua yote. Anarudi? Lini?

"Hatujui," nikasema. "Lazima tungoje."

"Hakuna mutu hata mumoja mwenye anajua?"

Hapo nikaingia mtegoni. Nikaeleza kwamba wako wanaojua, kwa sababu hadithi ile ilitoka kitabuni, na baadhi ya wenzangu wamekisoma mpaka mwisho. Lakini katika kikundi chetu sheria ni moja, na wote tunaiheshimu: aliyesoma haambii asiyesoma. Mtu akitoboa siri ya mbele anatolewa, na hakuna atakayemlilia. Nikaeleza uzuri wa kungoja pamoja, dunia nzima, juma kwa juma. Nilieleza vizuri sana.

Mama alinisikiliza kama ninasoma tangazo la redio. "Mutu anajua mutoto wa mutu iko muzima," akasema, "na ananyamaza?"

"Ni sheria, mama."

"Hiyo si sheria. Hiyo ni zambi."

"Waulize," akasema présidente. "Tulimuombea. Tuko na haki."

Nilizungukazunguka majuma kadhaa. Mtu asiyefuata kitu kwa miaka pamoja na wageni wa mbali hawezi kujua jinsi ninavyoiogopa ile sheria. Nilikuwa na kundi moja tu duniani ambamo hakuna aliyeniona yatima wa vita wala mteja wa msaada, ambamo nilikuwa yule mwanamke wa Uvira anayempenda mwalimu, na sikutaka kulipoteza. Lakini kila Jumatano mama aliporudi alinitazama, haniulizi. Mwishowe nikamwandikia dada wa Morocco, pembeni, si kwenye kikundi. Nilimweleza yote: boti, matanga, wali na maharage, wanawake waliofunga. Nikamwambia najua ninavunja sheria. Nikamuuliza kama kijana yu hai.

Hakujibu siku ile. Kesho yake, Jumatatu asubuhi, nilikuwa nafungua farmasi jibu lilipoingia. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyependekeza sheria ile mwanzoni, na sasa ndiye anayeivunja. Kijana yu hai. Anarudi. Lakini anarudi baada ya miaka mingi sana, mwenyewe ana mvi, na mama yake amekwisha kufa. Kwenye kibanda cha mandazi anakuta watu wengine wasiomjua. Aliandika kwamba ukurasa ule ulimliza kuliko msiba wa kweli, na akaniomba nisimwambie mama sehemu hiyo ya pili. Mwambie anarudi, aliandika. Kurudi ndiko alikokuulizia.

Nilifunga farmasi kabla sijauza kitu, nikarudi nyumbani. Njiani nilikuwa nimekwisha kuipanga: anarudi, wanakumbatiana, mandazi yanaungua, kila mtu analia. Nina ufundi wa miaka katika kazi ya ukalimani, nisingekwama.

Mama alikuwa kwenye baraza, ungo mapajani. Nikaketi karibu naye.

"Wamenijibu, mama. Iko muzima. Anarudi."

Hakushangilia. Alifumba macho, akaachia pumzi ndefu, halafu akarudia kuchagua mchele, na vidole vyake vikawa vyepesi. "Nilijua," akasema. "Waambie wamama, wafurahi."

"Nitawaambia."

"Na mama yake? Anamuona?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini aliinua macho akanitazama kama anavyoitazama midomo ya watu wa kwenye simu, anahesabu, na nikajua kwamba nikisema maneno machache kuliko yaliyopo ataniuliza mengine nimeyaweka wapi.

"Hapana, mama. Anakuta amekwisha kufa. Zamani."

"Aa," akasema. Akatoa jiwe, akalitupa. "Hiyo si neno. Mama anakufaka. Kisha kulikuwa nani pale nyumbani?"

"Hakukuwa mutu wao. Watu wengine tu. Walimuuliza yeye ni nani."

Hapo mikono yake ikasimama. Kufa kwa yule mama kulimpita kama habari ya mvua. Hili lilimwingia. Aliweka ungo chini, na uso wake, ambao sikuuona ukilia siku zote za matanga, ukaanza kulowa.

"Mutoto ametoka kwa wafu," akasema, "amefika kwao, na anaulizwa weye ni nani."

Nikamshika. Nilitaka kumwambia ni hadithi, ni kuchora, na sikuthubutu, kwa sababu lingekuwa tusi. Alilia kidogo tu, kwa utaratibu, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Sikiliza. Minye nitakufa."

"Mama, acha."

"Niache niseme. Minye nitakufa, na weye ulishamulilia ndugu yako ukamaliza. Nilikuona, ulilia vizuri, sikulaumu. Sikuombi uamini. Kuamini ni yangu. Lakini akikuya, asikute watu wa kumuuliza weye ni nani. Nyumba ya Bujumbura, acha watu wengine wakae. Utakuwa hapa?"

Sikuamini kwamba mdogo wangu yu hai. Hata leo, ninapoandika haya, na msimu mpya umetoka na mama ameutazama wote huku akichagua mchele nyuma yangu, siamini. Lakini nilimwambia nitakuwa hapa. Nilikuwa nimemlilia mdogo wangu, nikamaliza kilio chake. Jumatatu ile, pale barazani, nikaanza kumngoja.